Jino la Nundu Tatu

Nimedanganya watu wengi maishani, na karibu wote waliniaga wakicheka. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa mifupa katika jumba la makumbusho: yule anayekaa na patasi, sindano na brashi, akiutoa mfupa uliogeuka jiwe ndani ya jiwe bila kuuvunja. Wageni walipopita mezani kwangu niliwapa walichokuja kutafuta. Mwalimu mmoja nilimwambia kwamba fuvu la kifaru pale mlangoni ni la mnyama aliyepiga chafya mto ukahama. Akaandika kwenye daftari. Mama mmoja mwenye kofia nilimwambia kwamba twiga wa kale walikuwa na shingo mbili, moja ya kula na moja ya kuangalia nani anakuja, na kwamba moja iliondoka kwa sababu zilikuwa hazisemezani. Naye akaandika.

Uongo ninaotaka kuueleza leo ulikuwa wa maneno mawili tu, na niliyemwambia hakuwa mgeni. Alikuwa mume wa mdogo wangu.

Jumba zima lilimwita Daktari, ingawa hajapata kumtibu hata kuku. Udaktari wake ulikuwa wa wanyama wa kwato wanaokula majani, tena wale tu waliokwisha toweka, ndiyo maana hakuna mgonjwa aliyewahi kumlalamikia. Alikuwa mrefu, safi, kalamu tatu mfukoni, na sauti ya kuufanya mfupa urudi ndani ya jiwe. Siku alipomwoa mdogo wangu alinikumbatia na kuniita shemeji mpaka nikatokwa na machozi. Tuliporudi kazini nami nikamwita vivyo hivyo. Akafunga mlango.

"Hapa hakuna shemeji," akasema. "Hapa kuna Daktari na kuna fundi. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

Haikupita wiki akanibatiza Patasi. Patasi lete gundi, Patasi pangusa meza, Patasi mbona unapumua kwa nguvu.

Sasa, mimi meno nilikuwa nayajua, wala si kwa vitabu. Baba yetu alikuwa mchinjaji, mwenye bucha lake. Wauzaji walimletea mifugo huku wakiapa kwa mama zao kwamba mnyama ana miaka miwili. Baba hakuwajibu. Alifungua mdomo wa mnyama, akatuita mimi na mdogo wangu, akatuuliza: "Umri gani?" Aliyekosea alikwenda kuosha matumbo. Mdogo wangu hakuosha matumbo mara nyingi.

Hapo buchani ndipo nilipojifunza jambo moja ambalo naomba ulishike, maana bila hilo kisa hiki hakina mguu. Ng'ombe, mbuzi, swala, kongoni, wote ni wamoja katika hili: gego la mwisho la taya la chini, la mnyama mzima, lina nundu tatu, mbili kubwa na moja ndogo ambayo iko nyuma. Lakini ndama naye analo jino la nundu tatu. Lake ni la utoto, laini, husagika upesi na litang'oka, na ile nundu ndogo iko mbele. Ukilipata jino kama hilo kwenye kipande cha taya kilichovunjika huku na huku, hujui mbele ni wapi, unaweza kumwita mtoto mchanga mzee.

Niliwahi kuutoa ujuzi wangu wa meno mbele ya watu. Walikuja wageni watano kutoka vyuo vya mbali, Daktari akawaonyesha taya la pundamilia wa kale, nami kwenye kona nikasema huyo alikufa akiwa bado mdogo. Daktari akageuka na tabasamu.

"Msameheni. Fundi wetu anadhani bado yuko buchani kwa baba yake. Hebu Patasi, leo unatupimia kilo ngapi?"

Wakacheka wote watano. Mmoja alicheka mpaka akashika meza yangu. Miezi mitatu baadaye Daktari aliandika makala kwamba yule pundamilia alikufa akiwa bado mdogo.

Ule ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili wa kazi yetu. Nilikibeba kicheko kile kifuani miaka tisa iliyofuata kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki.

Halafu Daktari akafikia umri wa kustaafu. Mkurugenzi, mtu mnene asiyependa barua, alimwambia kwenye korido huku sote tukisikia: "Nipe mnyama mpya, nami nitakubakiza miaka mitano na uprofesa juu. Bila mnyama, mwezi wa nane nitaomba funguo zangu." Na Daktari nje ya lile jumba hakuwa na kitu. Hakucheza karata, hakulima, hakuwa na rafiki, na watoto Mungu hakuwajalia. Mdogo wangu aliniambia kwamba mumewe ameanza kusahau kunyoa upande mmoja wa uso.

Mwezi wa pili nilifungua kreti la zamani lililokuwa limesahauliwa ghalani, nikakuta bonge la jiwe lenye kipande cha taya, urefu wake kidole cha kati. Nililichonga siku tisa. Likatoka jino moja, nundu tatu, limesagika sana juu. Siku ya tisa, chini ya jino, kwenye ukingo uliovunjika, nikaona kitu kidogo cheupe kama punje ya mchele. Nikaweka miwani ya kukuza. Lilikuwa jino jingine, ndani ya mfupa, likisubiri zamu yake ya kuota.

Basi ni ndama. Na nilijua ndama wa nani. Ghalani tulikuwa na droo kumi na nne za kongoni mmoja wa kale, mkubwa kama fahali, aliyekwisha tambuliwa na kupewa jina kabla hatujazaliwa. Sisi tulimwita Babu. Huyu alikuwa mtoto katika ukoo wa Babu, basi.

Kabla sijainua kichwa Daktari alikuwa nyuma yangu.

"Usiguse!" Akaninyang'anya miwani ya kukuza, akalitazama jino mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Nundu tatu. Gego la mwisho. Limesagika, kwa hiyo mzee. Na udogo wake, unauona? Mzee kabisa, na jino dogo hivi! Huyu ni kongoni kibeti, Patasi. Hakuna aliyewahi kumwona."

Nami nina roho. Nikasema, "Daktari, labda ungelitazama na upande huu wa…"

"Hapa si buchani."

Nikarudisha sindano mezani.

"Imarisha kingo," akasema akiwa tayari anaelekea mlangoni. "Zisije zikavunjika."

Kuimarisha kingo ndiyo kazi yetu ya kila siku: unachanganya plasta laini na gundi, unajaza nyufa, unapaka rangi ya mfupa. Nikaimarisha. Ile punje ya mchele niliifunika vizuri kuliko nilivyowahi kufunika kitu chochote, tabaka tatu nyembamba, nikaisugua kwa brashi ya nywele laini. Ilikuwa amri halali na kazi halali. Nilikuwa napiga mluzi.

Miezi minne Daktari aliandika. Akalipima lile taya, akalichora, akaliweka karibu na droo za Babu bila kuona wanavyofanana. Alianza kunyoa pande zote mbili. Mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, mwenzio anaimba bafuni. Mnamlisha nini huko?"

Nikamwambia mifupa. Akacheka sana. Daktari hakuwa na tabia ya kupeleka kazi nyumbani, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa hajaliona taya hata kwa picha.

Asubuhi ya kupeleka makala kwenye jarida la makumbusho, Daktari aliingia karakanani kwangu. Akafunga mlango kama alivyoufunga siku ile ya kwanza, akaketi kwenye kigoda cha wageni, magoti yakamfika kidevuni.

"Shemeji," akasema.

Brashi ilinitoka mkononi. Miaka thelathini na mmoja.

"Wewe umelishika hili taya siku nyingi kuliko mimi. Na wewe na marehemu mzee mlikuwa mnayaelewa meno, najua, hata kama nimewahi kusema mengine. Nikishalipeleka hili halirudi. Niambie kwa ukweli wako. Mbele ni huku? Limekaa sawa?"

Alikuwa amelishika kwa mikono miwili. Neno moja langu lingemrudisha kwenye kreti akatafute mnyama mwingine. Miezi miwili ilikuwa imebaki, na kreti zilikuwa nyingi. Nililitafuta neno hilo, Mungu ni shahidi. Nikakutana na zile kilo njiani.

"Limekaa sawa," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Akasimama, akanishika bega, akauacha mkono wake pale muda mrefu kidogo. "Kuna kitu nimekuandalia, shemeji. Usiniulize."

Sikumuuliza. Nilidhani ni shati.

Sherehe ya kumtangaza kongoni kibeti ilifanyika ukumbi mkubwa, saa nne asubuhi. Jarida lilikuwa limechapwa na kusambazwa kwenye vyuo vya mbali, ila sisi wa nyumbani tulizuiwa kufungua maboksi mpaka Daktari aseme. Mkurugenzi alikuwa amemwalika mtaalamu mmoja mzee kutoka makumbusho mengine, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mkoba uliojaa peremende za kikohozi. Watu wa fani walimwita Bibi Magego. Nilipomwona akiingia nilikaribia kumbusu. Mimi nilikaa safu ya mwisho karibu na mlango, nimeshiba, nimevaa tai, nimejiandaa kucheka kimoyomoyo.

Mdogo wangu alikuwa safu ya mbele, gauni jipya, nywele zimesukwa.

Taa zikapunguzwa. Picha ya jino ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Mdogo wangu aliitazama kwa muda. Kisha akageuza shingo, akapita safu moja baada ya nyingine kwa macho mpaka akanipata. Nikamtolea tabasamu. Hakunijibu. Nikasema labda ni joto.

"Anayemtambua mnyama ndiye anayempa jina," Daktari alikuwa anasema kwenye kipaza sauti. "Wengi wenu mmeweka dau kwamba nitampa la kwangu." Watu wakacheka. "Lakini yupo mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja nimemwita majina mengi isipokuwa lake. Kila mfupa mliopata kuusifu katika jumba hili, yeye ndiye aliyeutoa jiweni. Wengine tulisoma tu."

Picha ikabadilika. Pale ukutani, kwa Kilatini, lilikuwepo neno la kongoni, na ubavuni mwake jina la ukoo wetu, jina la baba yangu mchinjaji, limevishwa mkia wa Kilatini.

"Simama, shemeji."

Nikasimama. Ukumbi mzima ukageuka, makofi yakapigwa mpaka madirisha yakalia. Nami nikalisoma lile jina upya, herufi kwa herufi. Maana kanuni za fani yetu nilizijua kama nilivyojua njia ya kwenda chooni. Jina la mnyama likishachapwa halifutwi. Ikigundulika kwamba mnyama huyo ni yuleyule aliyekwisha pewa jina zamani, lile jipya linaandikwa chini ya la zamani kwa herufi ndogo, kama kosa, katika kila kitabu kitakachoandikwa kumhusu, mpaka dunia iishe. Miaka mingi nilikuwa nawacheka watu wa herufi ndogo. Nilikuwa nawasomea wageni majina yao.

Ningeweza kupiga kelele. Niseme nini? Ngojeni jamani, nilidanganya? Nikabaki nimesimama, nikipunga mkono kama bwana harusi.

Bibi Magego akanyoosha kidole.

"Naomba nilishike."

Akapelekewa taya kwenye kitambaa chake cha bluu. Hakutumia hata miwani. Aliligeuza kwa vidole viwili, mbele ikawa nyuma, akalitazama, akahamisha peremende kutoka shavu hili kwenda shavu lile.

"Mwanangu," akasema, "mbona umemvisha kinyumenyume?"

Daktari akacheka kwa adabu. "Mama, ile nundu ndogo…"

"Naiona. Hii plasta ni ya nini?"

"Ya kuimarisha kingo."

"Kaipaka nani?"

"Fundi wangu. Yule aliyesimama."

"Aje na sindano yake."

Kutoka safu ya mwisho hadi pale mbele ni hatua arobaini. Ningeweza kustaafu njiani. Nikainama mezani. Kamera ya ukumbi ikaelekezwa mikononi mwangu, na kila nilichofanya kikaonekana ukutani. Daktari mwenyewe alinishikia taa.

"Taratibu, shemeji," akaninong'oneza. "Ni dhaifu hapo."

Nikaondoa tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Ile punje ya mchele ikatokea ukutani, kubwa kama kichwa cha mtu.

"Jino la ukubwani," akasema Bibi Magego. "Bado halijaota. Huyu mzee wako, Daktari, alikuwa hajaacha kunyonya."

Kisha mtu mmoja katikati akapaza sauti: "Kumbe ni mjukuu wa Babu!"

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Mkurugenzi alijificha nyuma ya karatasi ya ratiba, mabega yakiruka. Wapiga picha walicheka. Na kila waliponitazama mimi, walilikumbuka lile jina, wakaanza upya. Daktari naye alicheka kidogo mwanzoni, akidhani wamecheka kitu kingine. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Alipokisogelea kipaza sauti nikajua sasa ananitaja.

"Kosa ni langu peke yangu," akasema. "Fundi alinitii tu."

Mwezi wa nane alirudisha funguo. Siku ya kuhamisha vitabu alikuta mlangoni mwake pamebandikwa mchoro wa ndama mwenye ndevu na chuchu ya mpira mdomoni, na chini yake lile jina la ukoo wetu. Aliubandua, akaukunja vizuri, akautia mfukoni nisiuone. Nilikwisha uona tangu asubuhi.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuja kwangu. Hakuketi. Alifungua jarida kwenye ukurasa wa picha, akaliweka mezani juu ya gazeti nililokuwa nasoma.

"Umri gani?"

"Mdogo wangu, picha hizi za siku hizi…"

"Nakuuliza kama baba. Umri gani?"

Nikalivuta gazeti langu chini ya jarida.

"Miezi mitano," akasema. "Sita, kama mama yake alikuwa hana maziwa. Nimeliona nikiwa kwenye kiti, bila miwani. Wewe ulilishika siku tisa, kaka. Na akakuuliza. Aliniambia kwamba alikuuliza. Alirudi nyumbani siku ile amefurahi, kwa sababu umemwambia mia kwa mia."

Basi nikamwaga yote. Patasi, mlango uliofungwa, wageni watano, bucha, kilo. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Alisema kilo ngapi?"

"Aliuliza leo nawapimia kilo ngapi. Buchani kwa baba."

Hilo la kilo alikuwa hajawahi kulisikia.

"Mimi nilimwambia akupe shati," akasema. "Jina alilitoa mwenyewe."

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mtu pekee aliyemwamini ndiye aliyemdanganya? Hapana. Mwache na shemeji yake." Akafunga jarida. "Jumapili utakula kwetu. Na inayofuata. Na zote."

Haukuwa mwaliko ule.

Tangu hapo, kila Jumapili, kabla chakula hakijaletwa, Daktari huinuka kwenye kiti chake. Amepungua, shati linamning'inia. Ananishika mkono.

"Shemeji, nimelichafua jina lenu. Vitabu vyote vitaandika. Umenifanyia kazi safi miaka yote hiyo, mimi nikakulipa aibu. Nisamehe."

Nami namwambia nimekusamehe. Tunakula. Jumapili inayofuata anaanza upya, maneno yaleyale, kana kwamba wiki iliyopita sikusema kitu. Nilidhani akili imeanza kumtoka, nikamwonea huruma, na huruma ikanikalia vibaya zaidi kuliko zile kilo.

Juzi nilifika mapema. Nilikuwa barazani navua viatu, dirisha liko wazi.

"Kaka anakuja leo," nikamsikia mdogo wangu akisema.

"Lakini alikwisha nisamehe," Daktari akajibu. "Mara ngapi sasa? Ananisamehe kila mara."

"Kwa mdomo. Hukuuona uso wake? Bado ana kinyongo. Mwombe tena, na safari hii mwombe kama mtu anayetaka kusamehewa."

Alikuwa anakunja vitambaa vya meza, nilisikia anavipiga kofi moja moja kuvinyoosha. Nami pale na kiatu kimoja mkononi ndipo nikaelewa kwamba siku ile alipoondoka kwangu hakuwa amemkasirikia mtu mmoja tu: mimi kwa ule uongo, na mumewe kwa zile kilo. Naye pia ni binti wa buchani.

Nikaingia. Daktari akainuka, akashika ukingo wa meza, na badala ya kuninyooshea mkono akaanza kuteremka, goti moja, halafu la pili, mifupa ikilia.

"Inuka, Daktari," nikasema. "Jamani. Mwinue mumeo."

"Mwache," akasema mdogo wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, vitambaa vimepangwa mkononi. "Magoti yake bado mazima."

"Shemeji," Daktari akaanza, uso juu, "nimelichafua jina lenu…"

Akaliendesha ombi lake mpaka mwisho, hakuacha neno. Nikasema nimekusamehe. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Kwa nguvu, kaka," akasema mdogo wangu. "Hajasikia."